NYANYA KATIKA MKEBE: KILIMO CHA DIRISHANI HAPA VOI

Niruhusuni nianze somo la kilimo kwa mlango wa sarufi. Mtaona sababu yake punde si punde.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Mama alikuwa akikanda unga wa chapati, mikono yote miwili imo kwenye sinia, simu yake ikalia. Akaniambia nimsomee ujumbe. Ulikuwa umetoka kwa mdogo wangu, aliyekuwa kwa nyanya yetu kule chini ya mlima Sagalla. Nikasoma kwa sauti: "Mama, nyanya zimekanyagwa zote na ndovu usiku."

Mama aliacha kukanda. "Soma tena," akasema.

Nikasoma tena, safari hii polepole. Zimekanyagwa. Si amekanyagwa, wala si wamekanyagwa. Hapo ndipo sote wawili tulipovuta pumzi. Mdogo wangu yule, ambaye mwalimu wake hulalamika kila muhula kwamba hajui ngeli, siku hiyo alituokoa kwa silabi moja. Angeandika "Nyanya amekanyagwa" nadhani Mama angekimbia hadi Sagalla na unga mikononi. (Ndugu zetu wa Mombasa hawana taabu hii, kwa kuwa wao tunda huliita tungule na nyanya akabaki kuwa mzee wa heshima.)

Lakini hasara ilikuwa hasara. Robo ekari ya nyanya zilizokuwa zimeanza kubadilika rangi ililala chini kama mkeka. Shamba la nyanya yangu halikuwa na ua wowote. Wapo majirani wa Sagalla ya chini ambao tangu mwaka 2009 wametundikiwa ua wa mizinga ya nyuki, kazi iliyoanzishwa na mtafiti Dkt. Lucy King baada ya kuthibitisha kwamba ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, humwogopa nyuki. Mizinga hufungwa kwenye waya, ndovu akiugusa mizinga yote hutikisika, na wenyewe hutoka. Ua huo haukufika kwa nyanya. Mwezi uliofuata akafunga virago akaja kukaa nasi hapa mjini Voi, katika nyumba yetu ya kupanga ya vyumba viwili, uani sementi tupu, udongo hata wa kujaza kiganja hakuna.

Kwa wiki tatu alikaa kwenye kigoda akitazama ile sementi. Mtu aliyelima tangu utotoni akinyimwa udongo huanza kunyauka. Siku moja akaniuliza, "Mjukuu wangu, hilo debe la rangi mnalitupa?" Hivyo ndivyo somo hili lilivyoanza, na yatakayofuata nimejifunza kwake, kwa mwalimu wetu wa Kilimo, na zaidi kwa makosa yangu mwenyewe, ambayo sitayaficha.

KWANZA, AINA YENYEWE

Nyanya ni za makundi mawili makubwa. Liko kundi la nyanya ndefu, zinazozidi kurefuka na kutambaa madhali zina uhai; Money Maker ni mojawapo. Hizi hutaka mti mrefu wa kuegemea, na katika debe hukusumbua. Kundi la pili ni la nyanya fupi, ambazo hufika kimo chake, zikatoa maua nchani, zikaacha kurefuka. Hizi ndizo zetu. Katika maduka ya pembejeo hapa Voi utapata Cal J na Rio Grande bila kutafuta sana. Cal J ni kichaka kifupi, chenye matunda ya mviringo mrefu na ngozi ngumu kiasi, ndiyo maana wafanyabiashara huipenda kwa safari.

Zipo pia nyanya vibete hasa. Mwaka 1989 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walitoa aina iitwayo Micro-Tom, ambayo haizidi sana urefu wa rula yako ya shule na hukubali kuishi katika chombo kidogo kama kikombe kikubwa. Leo inajulikana zaidi katika maabara kuliko jikoni, kwani wanasayansi huitumia kufanyia utafiti. Mimi sijaiona kwa macho. Nimeitaja ili mjue kwamba jambo hili la nyanya ya dirishani si mzaha wa watoto wa Voi.

CHOMBO, NA KOSA LANGU LA KWANZA

Debe la lita 20 linatosha mche mmoja wa Cal J. Mmoja! Mimi nilipanda mitatu, nikijiona mjanja, ikagombania maji na chakula hata yote ikawa kama watoto wa kambo. Ndoo iliyopasuka mdomo, karai kuukuu, gunia, hata beseni lenye kina, vyote vinafaa. Mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia unafaa kuoteshea miche tu.

Chombo lazima kitobolewe kitakoni. Matundu matano au sita ya msumari wa nchi nne yanatosha, kisha utandaze kokoto au vigae juu yake ndani. Debe langu la kwanza halikuwa na tundu. Nilifikiri katika nchi kavu kama hii maji yakikaa ndani ni baraka. Kumbe mizizi nayo hupumua! Baada ya wiki mbili majani yakawa manjano, na nilipong'oa mche, mizizi ilinuka kama soksi za bweni.

Debe la bati pia hushika moto. Voi iko chini, kama mita 600 hivi juu ya bahari, na jua la saa tisa linalopiga bati jeusi huchemsha mizizi. Lipake chokaa nyeupe, au livishe gunia. Sisi watu wa nchi ya mkonge hatuna udhuru wa kukosa kamba ya katani ya kulifungia.

Kuhusu sanduku la dirishani, naomba tahadhari. Sanduku la mbao la urefu wa sentimita 60, upana 20 na kina 20 hubeba lita 24 za udongo, na udongo huo ukilowa uzito wake hupita kilo 30. Piga hesabu hiyo kabla ya kuuning'iniza juu ya njia wanakopita watu. Kwa nyumba za kwetu ni afadhali sanduku liwekwe juu ya matofali chini ya dirisha, na dirishani penyewe ukaweka mikebe ya miche.

Udongo mwekundu wa Voi ni mzuri shambani, lakini ndani ya debe hugandamana ukawa tofali. Nyanya yangu huchanganya karai mbili za udongo wa juu, karai moja ya mboji au samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, na karai moja ya mchanga wa mtoni. Samadi mbichi huunguza mche. Tena usichote udongo mahali palipopandwa viazi, pilipili, mabilinganya, mnavu au tumbaku, maana hao wote ni ukoo mmoja na nyanya, na maradhi ya ukoo hukaa udongoni, hasa ule mnyauko ambao huua mche ungali kijani. Kwa sababu hiyo hiyo mvutaji sigara anawe mikono kabla ya kushika miche. Kirusi cha tumbaku husafiri kwa vidole.

DIRISHA GANI?

Hapa, wenzangu, ndipo vitabu vinapotupoteza. Vitabu vingi vya bustani za madirishani vimeandikiwa Ulaya na Marekani, navyo husema weka sanduku dirisha linaloelekea kusini. Kwao ni kweli, kwa kuwa jua lao daima liko upande wa kusini. Voi iko kusini kidogo mwa ikweta, kama digrii tatu na nusu. Kwetu jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, halafu huhamia kusini miezi iliyobaki. Kwa hiyo dirisha la kusini mwezi wa Julai, chini ya upenu wa mabati, ni kivuli kitupu.

Tafuta basi mahali panapopata jua la asubuhi, yaani mashariki, saa sita za mwanga au zaidi ikiwezekana. Upande wa magharibi mche hukaangwa. Na uzuri wa debe ni kwamba lina uwezo ambao shamba halina: linahamishika. Jua likihama, nawe lihamishe.

MWEZI GANI?

Hili ndilo lililoniumiza zaidi, na ndilo linalotenganisha Voi na sehemu nyingine za kaunti yetu. Watu wa Wundanyi, kule juu milimani kwenye baridi, hawalijui tatizo hili. Wao adui yao ni bakajani, ule ugonjwa wa ukungu upendao umande. Watu wa Taveta wana chemchemi na mto Lumi wa kumwagilia. Sisi wa Voi tuna joto.

Nilipanda mbegu mwezi wa Desemba. Februari mimea ilikuwa mikubwa, imenawiri, imejaa maua ya manjano, nami nikawaalika marafiki waje kuona. Ndani ya siku kumi maua yote yakaanguka sakafuni, likabaki pambo la majani. Nililaumu mbegu, nikalaumu mwenye duka, nikakaribia kumlaumu paka. Mwalimu wetu wa Kilimo akanieleza: mchana ukipita digrii 32 hivi na usiku usiposhuka chini ya 21 au 22, chavua ya nyanya hupoteza nguvu, ua halishiki tunda, mche hulitupa. Usiku wa Voi mwezi Machi haushuki. Hakuna mbolea inayotibu jambo hilo.

Dawa ni kalenda. Panda mbegu mwishoni mwa Aprili. Huota kwa siku tano hadi kumi. Baada ya wiki nne au tano, mche ukiwa na urefu wa kidole cha kati au zaidi, uhamishie debeni jioni, uuzike hadi karibu na majani ya kwanza, kwa maana shina la nyanya lililofukiwa hutoa mizizi. Maua yatakuja mwisho wa Juni na Julai, wakati wa kipupwe, wakati sisi wenyewe tunavaa sweta asubuhi. Utavuna Agosti na Septemba. Nafasi ya pili ni kupanda Oktoba ukifuata mvua za vuli, ambazo kwetu ndizo za kutegemewa kuliko masika, ila joto la Desemba litakuibia maua mengine.

Na kwa kuwa baraza hukingwa na upepo, saidia uchavushaji. Saa nne asubuhi, shika kikonyo cha maua ukigonge kwa ukucha mara tatu nne. Ua moja la nyanya lina dume na jike ndani yake. Linahitaji kutikiswa tu.

MAJI, YAANI SHIDA YENYEWE

Maji ya chemchemi za Mzima, yaliyochujwa na miamba ya volkano ya Chyulu, yamekuwa yakisafiri kwa bomba kwenda Mombasa tangu miaka ya 1950. Yanapita hapa kwetu na sisi hupata sehemu yake. Lakini kila mkazi wa mtaa wetu anajua sauti ya mfereji unaokohoa hewa. Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Mtanywa nyinyi au zitakunywa nyanya?" simcheki.

Nilipima. Mche mkubwa wa Cal J katika debe hunywa lita moja hadi mbili kwa siku wakati wa matunda. Madebe manane basi yanataka kama mtungi mmoja wa lita 20, usiojaa sana. Mtungi huo tuliupata kwa maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga na ya kusuuzia vyombo, mradi hayana sabuni nyingi wala mafuta. Juu ya udongo tulitandaza nyasi kavu kuzuia jua lisinyonye. Kisha kuna chupa: chukua chupa ya plastiki ya lita moja, toboa kifuniko tundu la sindano, kata kitako, ichomeke kichwa chini kando ya shina ukaijaze. Hudondosha polepole hadi jioni.

Maji ya visima vingi huku yana chumvi. Yakitumiwa kila siku, debe huota ukoko mweupe juu ya udongo, na kingo za majani huungua. Ukiuona, ukwangue, kisha mvua ikinyesha liache debe nje lilowe hadi maji yatiririke kitakoni na kuondoka na chumvi.

Sasa kitako cheusi. Mwezi wa Agosti nilirudi kutoka ziara ya shule nikakuta nyanya changa zina doa jeusi lililobonyea chini, kama pesa ya zamani. Nyanya yangu aliniambia ni laana ya kuzihesabu. (Kweli nilikuwa nimezihesabu.) Mwalimu akasema si wadudu wala ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa madini ya kalisi, na mara nyingi kalisi imo udongoni ila haifiki tundani kwa kuwa maji yamekuja kwa vipindi, siku nne kavu, ya tano mafuriko. Mfereji ulikuwa umekauka siku nne, kisha mdogo wangu akamimina ndoo nzima kwa huruma. Tangu hapo tunamwagilia kidogo kila asubuhi bila kuruka. Unachopa kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, mwagilia.

Mbolea si hadithi ndefu. Kijiko cha chai cha DAP kilichochanganywa vizuri na udongo siku ya kupandikiza, kijiko cha CAN kikizungushwa mbali na shina maua yanapoanza, na kingine matunda yanapokuwa ukubwa wa gololi. Hiyo CAN, mnaosoma Kemia mnajua, ina hiyo hiyo kalisi. Ukizidisha utapata majani ya kulisha mbuzi.

WAGENI WASIOALIKWA

Kiangazi huleta utitiri, vidudu vyekundu vidogo kama nukta ya kalamu, chini ya majani, na utando mwembamba kama wa buibui. Nyunyiza maji kwa nguvu chini ya majani kila asubuhi. Wakizidi, tumia maji ya sabuni ya mche kidogo jioni, au maji yaliyolowekwa majani ya mwarobaini yaliyotwangwa. Mwarobaini si haba hapa mjini.

Aliye mbaya zaidi ni Tuta, nondo mdogo wa kijivu aliyetoka Amerika ya Kusini, nchi asilia ya nyanya yenyewe, akaonekana Kenya mwaka 2014. Watanzania humwita kantangaze. Kiwavi wake huchimba ndani ya jani na kuacha mabaka meupe kama karatasi, kisha huingia tundani. Mkulima wa ekari mbili hawezi kukagua kila jani. Wewe mwenye madebe manane unaweza, dakika tano kabla ya kwenda shule. Jani lenye baka lichume, litie ndani ya mfuko wa plastiki, lifunge, liache juani. Usilitupe chini ya mche.

Kosa langu la mwisho lilikuwa kupogoa. Nilisikia kwa rafiki wa Taveta kwamba machipukizi ya kwapani huondolewa yote. Nikayaondoa. Kumbe hiyo ni sheria ya nyanya ndefu! Nyanya fupi huzaa juu ya machipukizi hayo, kwa hiyo nilikuwa nikichuma mavuno yangu kabla hayajaota. Toa tu majani ya chini yanayogusa udongo, ufunge shina kwenye kijiti kwa kamba legevu.

Mche wangu bora mwaka huo ulizaa nyanya 41. Mama alikaa wiki sita bila kununua nyanya, na alinionyesha katika daftari lake la matumizi ule mstari uliobaki mtupu. Nyanya naye huamka kabla ya adhana, akazipitia debe moja moja kwa tochi. Anasema anaangalia Tuta. Mimi nadhani anaangalia ndovu.

Neno moja la mbegu. Mbegu ya Cal J inaweza kuhifadhiwa kutoka tunda lako mwenyewe. Pakiti ikiwa imeandikwa F1, usijisumbue, watoto hawatafanana na wazazi. Chagua tunda lililoiva sana kwenye mche wenye afya, kamua mbegu katika glasi yenye maji kidogo, acha siku mbili hadi tatu hadi ule ute uchache na kutoka, osha, anika kivulini juu ya sahani. Si juu ya karatasi, zitagandia. Nimefanya hivyo na za nyanya yangu. Zimo katika bahasha ya kaki kwenye kabati la Chama cha Kiswahili, rafu ya juu, karibu na kamusi. Atakayetaka anione kabla ya mwisho wa Aprili, aje na debe lake, na debe liwe na matundu.